Kufuatilia Afya ya Akili ya Jamii Mwaka hadi Mwaka: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Mnunuzi mzoefu wa mahindi katika soko la Kibuye hutazama kitako cha gorogoro kabla ya kutazama mahindi yenyewe, kwa kuwa kopo lililobonyezwa ndani hupunguza kipimo bila kupunguza bei. Anayetaka kujua kama watu wa kaunti yake wamelemewa na mawazo kuliko walivyokuwa miaka mitano iliyopita anahitaji jicho hilohilo. Katika mikutano ya takwimu za afya niliyohudhuria, nyingi ya chati zilizopanda kwa kutisha hazikuonyesha kwamba ugonjwa umeongezeka. Zilionyesha kwamba maswali yalibadilishwa, au mwezi wa kuuliza ulihamishwa, au kituo kilipata muuguzi wa afya ya akili ambaye hakuwapo mwaka uliotangulia. Mwongozo huu umeandikwa kwa maafisa wa afya wa kaunti, mashirika ya kijamii na wanafunzi wa vyuo wanaotaka kupima mabadiliko hayo wenyewe, na unashughulika zaidi na jinsi ya kuhakikisha kwamba kilichobadilika ni jamii, si kopo.

Amua kwanza unachopima

Maneno "afya ya akili" ni mapana mno kupimwa jinsi yalivyo. Kuna dalili za maradhi, kama vile sonona (kwa Kiingereza depression) na wasiwasi uliopita kiasi. Kuna ustawi, yaani kama mtu anaamka akiwa na nguvu na hamu ya siku yake. Na kuna huduma, yaani ni wangapi walifika kituoni na kutibiwa. Mambo haya matatu hayaendi pamoja kila mara. Idadi ya wanaotibiwa ikipanda huku dalili katika jamii zikibaki palepale, hiyo ni habari njema, ingawa gazeti linaweza kuiandika kama balaa. Kwa hiyo andika katika karatasi moja, kabla ya kuchapisha hojaji yoyote, ni kundi gani unalolifuatilia (kwa mfano watu wazima wa miaka 18 na zaidi wanaoishi katika kaunti ndogo zote saba za Kisumu), ni jambo gani kati ya hayo matatu, na ni mabadiliko ya ukubwa gani yatakayoifanya kaunti ichukue hatua tofauti. Swali hilo la mwisho hurukwa na wengi, na ndilo linaloamua ukubwa wa kazi yote.

Chagua kipimo na ukiache kilivyo

Usitunge maswali yako. Vipo vipimo vilivyotumika duniani kote ambavyo havihitaji daktari kuvisoma. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, ina maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla huwa kati ya 0 na 27, na alama 10 au zaidi ndiyo mpaka unaotumika sana kuonyesha mtu anayehitaji kuangaliwa zaidi. GAD-7 hufanya kazi hiyo kwa wasiwasi kwa maswali saba. Kwa ustawi, Shirika la Afya Duniani lina WHO-5, maswali matano tu, ambayo alama zake za 0 hadi 25 huzidishwa kwa 4 ili kupata kipimo cha 0 hadi 100. Shirika hilo pia lina SRQ-20, maswali ishirini ya ndiyo na la, ambayo ni rahisi kuulizwa katika makazi ambako watu hawajazoea kupima hisia zao kwa ngazi.

Kwa eneo letu ningeanza na PHQ-9, kwa sababu ilishafanyiwa majaribio magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Kama nafasi ni finyu, maswali yake mawili ya kwanza pekee, yanayouliza kuhusu kukosa hamu ya mambo na kuhusu huzuni au kukata tamaa, huwa na mpaka wa alama 3 kati ya 6, na yanaweza kupachikwa katika utafiti mwingine wa kaya bila kuuchosha.

Lugha ndiyo mahali gorogoro hubonyezwa bila mtu kukusudia. Neno "sonona" linaeleweka vyema kwa anayesoma vitabu, lakini mama anayeuza samaki Dunga anaweza kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mhoji. Yeye atasema ana mawazo mengi, au kwa Dholuo atazungumzia parruok, ambayo ni wasiwasi na mahangaiko, na kuyo, ambayo ni huzuni, na maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi. Mhoji akiachiwa kutafsiri papo hapo mlangoni, kila mhoji anakuwa na kipimo chake. Tafsiri ya Kiswahili na ya Dholuo, na ya Kiluhya au Gikuyu kulingana na mahali, ifanywe na watu wawili, irudishwe katika lugha ya hojaji ya mwanzo na mtu wa tatu ambaye hajaona maswali ya kwanza, ijaribiwe kwa watu wachache wa rika na jinsia tofauti, kisha ifungwe. Baada ya hapo hata kosa dogo la sarufi ulilogundua katika awamu ya pili ya kuuliza liache kama lilivyo, isipokuwa limepotosha maana kabisa. Inauma, lakini ni afadhali kosa linalojirudia kuliko sahihisho linaloleta ongezeko la uongo.

Andika pia katika hojaji ni lugha ipi iliyotumika kwa kila mtu. Ikiwa awamu ya kwanza asilimia kubwa ya watu wa kaunti ndogo ya Seme waliulizwa kwa Kiswahili na awamu ya pili kwa Dholuo, utataka kulijua hilo kabla ya kutoa hotuba.

Asilimia ya hojaji si asilimia ya wagonjwa

Hapa ndipo ripoti nyingi hukosea. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kati ya watu wazima 1,000, tuseme 50 wana sonona kwa kweli. Kipimo chetu kinawatambua 85 katika kila wagonjwa 100, na kinawaacha huru 85 katika kila 100 wasio wagonjwa, jambo ambalo si baya kwa hojaji fupi. Kati ya wagonjwa 50 kitawanasa takriban 43, na kati ya wale 950 wengine kitawanasa kimakosa takriban 142. Jumla ni watu 185, yaani asilimia 18.5, ilhali ugonjwa wenyewe ni asilimia 5. Sasa ugonjwa uongezeke maradufu hadi watu 100: kipimo kitawanasa 85 kati yao na 135 kati ya waliobaki, jumla 220. Ugonjwa umepanda mara mbili, na hojaji yako imetoka asilimia 18.5 hadi 22 tu.

Mambo mawili yanafuata. Usiandike kamwe kwamba asilimia 18.5 ya wakazi "wana sonona". Andika kwamba walipata alama 10 au zaidi. Na usidharau badiliko dogo, kwa sababu hojaji hupunguza ukubwa wa mabadiliko halisi. Mradi kipimo kinabaki kilekile na kinakosea kwa kiasi kilekile, mwelekeo wake unaaminika hata pale ambapo kiwango chenyewe hakiaminiki.

Watu wangapi, na ni akina nani

Ukiwauliza watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu na asilimia 10 wakavuka mpaka, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 13. Mwaka ujao ukipata 12 huna la kusema. Ili kutambua kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu kwamba kiwango kimetoka 10 hadi 15, unahitaji takriban watu 680 katika kila awamu. Kutoka 10 hadi 13, takriban 1,770. Na kwa kuwa watu wa mtaa mmoja hufanana katika shida zao, kuwachagua kwa mafungu kunadai uongeze idadi hiyo. Ukizidisha kwa moja na nusu, zile 1,770 zinakuwa kama 2,650. Kaunti isiyoweza kumudu idadi hiyo kila mwaka na ifanye kila baada ya miaka miwili au mitatu kwa sampuli inayotosha. Sampuli ndogo za kila mwaka hutoa chati inayopanda na kushuka kama mashua, na kila kushuka na kupanda hupewa maelezo ambayo hayapo.

Chagua maeneo ya kuhesabia watu yaliyotumiwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu katika sensa ya 2019, kisha kaya ndani ya maeneo hayo, kisha mtu mzima mmoja katika kila kaya kwa kura. Sensa hiyo ilihesabu watu 1,155,574 Kisumu na 2,162,202 Nakuru, na mgawanyo wake wa umri na jinsia ndio utakaoutumia baadaye kusawazisha majibu, yaani kuyapa uzito ili sampuli ifanane na jamii ilivyo. Hapo kwenye kura ya ndani ya kaya wahoji hupenda kukwepa: aliyechaguliwa hayupo, mkewe yupo na ana uchangamfu, basi anaulizwa yeye. Awamu ya kwanza mhoji mkali anarudi mara tatu, awamu ya pili mhoji mchovu harudi, na sampuli inajaa wanawake waliokuwa nyumbani saa nne asubuhi.

Ratiba ya ziara ifuate maisha ya watu. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na kulala mchana, kwa hiyo katika fukwe za Dunga na Usoma utawapata wakiwa macho na nafasi zaidi siku za mbalamwezi. Waendesha bodaboda wa Kondele hawako nyumbani kabla ya giza kuingia. Wafanyakazi wa mashamba ya maua Naivasha wanapatikana Jumapili. Makundi mawili ya kwanza yana vijana wengi wa kiume, na vijana wa kiume ndio wanaopotea haraka katika utafiti wa mchana.

Je, uwafuate watu walewale au uchague wapya kila awamu? Kuwafuata walewale kunakuonyesha nani amepona na nani amezama, jambo ambalo sampuli mpya haiwezi kulionyesha. Lakini Nyalenda, Manyatta, Kaptembwo na Rhonda ni mitaa ya kupanga. Mtu hupoteza kazi, akahama ploti, akabadilisha laini ya simu, na anayehama kwa sababu ya dhiki ndiye hasa uliyemtaka. Waliobaki baada ya miaka mitatu watakuwa watulivu kuliko jamii, na utadhani afya ya akili imeboreka. Kwa mji, naegemea sampuli mpya kila awamu. Kwa kijiji ambako kaya hazihami, na hasa mahali penye mfumo wa kudumu wa kutembelea kaya kama ule ulioanzishwa katika sehemu za Siaya mwaka 2001, kuwafuata walewale kunawezekana.

Mwezi uleule

Hili ni dogo kulisema na kubwa kulifanya. PHQ-9 inauliza kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya chakula. Pembezoni mwa Ziwa Victoria malaria huongezeka baada ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, na malaria humchosha mtu, humvuruga usingizi na humwondolea hamu ya kula. Ukipima Februari mwaka mmoja na Juni mwaka mwingine, huenda sehemu ya sonona uliyoipata ni mbu. Ongeza kwamba katika miezi ya kabla ya mavuno ghala ni tupu, na swali la hamu ya chakula huwa gumu kujibiwa na mtu ambaye chakula chenyewe hakipo. Januari nayo ina karo. Chagua mwezi mmoja, uandike, na usiuache hata kama fedha za mradi zimechelewa. Ukikosa mwezi huo ni heri kuruka mwaka.

Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie kulinganisha jumla ya alama za Kisumu na za Nakuru, ambako mwinuko hupunguza malaria. Linganisha Kisumu na Kisumu ya jana. Na katika kila ripoti onyesha kando yale maswali mawili ya kwanza, ya hamu na huzuni, ambayo homa haiyagusi sana. Yakibaki tuli huku uchovu na usingizi vikipanda, mtafute daktari wa malaria kwanza.

Weka pia daftari la matukio. Hili ni daftari la kawaida linaloandikwa na mtu mmoja kila mwezi: mafuriko ya Nyando, bei ya unga, kufungwa kwa kiwanda cha sukari, uchaguzi, mgomo, ugonjwa wa mlipuko. Anayetazama takwimu za Nakuru bila kukumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, au kupasuka kwa bwawa la Solai Mei 2018, au kufungwa kwa shule Machi 2020, atabuni sababu. Daftari halithibitishi chanzo cha lolote, ila linakuzuia kulisahau jambo ambalo kila mwanakijiji analijua.

Takwimu za vituo vya afya

Kila mwezi vituo hujaza fomu ya muhtasari wa wagonjwa wa nje, na iliyo ya walio na zaidi ya miaka mitano ina mstari wa matatizo ya akili. Takwimu hizo huingia katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Hazina gharama ya ziada na zinarudi nyuma miaka mingi, kwa hiyo zitumie, lakini kama shahidi wa pili. Mstari huo husimulia mambo ya kituo kabla ya kusimulia mambo ya jamii. Mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, na ule wa wauguzi uliodumu miezi mitano mwaka 2017, uliacha mashimo katika takwimu. Hakuna aliyepona kwa sababu ya mgomo. Kabla ya kuchora mstari wowote, hesabu ni vituo vingapi vilivyoripoti mwezi huo, tenganisha wagonjwa wapya na wanaorudi, ugawe kwa idadi ya watu ya mwaka husika, na uwapigie simu wahusika wa vituo viwili au vitatu vyenye ongezeko kubwa kuuliza nini kilibadilika. Mara nyingi jibu ni jina la muuguzi mmoja.

Vifo vya kujiua ndivyo takwimu ngumu kuliko zote. Kwa miaka mingi jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Familia iliyoogopa polisi na aibu ya mazishi ilisema "ajali" au "sumu kwa bahati mbaya". Ikiwa idadi inayoripotiwa itapanda miaka ijayo, tarajia kwamba sehemu ya kupanda huko ni ulimi uliofunguliwa.

Anayeulizwa ni mtu

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilitume swali hilo nyumbani kwa watu bila mpango wa nini kitafanyika saa hiyohiyo likipata alama yoyote juu ya 0: mhoji asimamishe hojaji, amuulize mtu kama yuko salama leo, ampigie msimamizi ambaye ni mhudumu aliyefunzwa, na asiondoke kabla ya miadi kupatikana katika hospitali iliyo karibu. Kama mpango huo hauwezekani, tumia maswali manane ya kwanza peke yake. Huo ni mfumo unaotambulika, na mpaka wake ni uleule wa alama 10. Ila uamuzi huo ufanywe kabla ya awamu ya kwanza, si katikati.

Pata kibali cha kamati ya maadili (Chuo Kikuu cha Maseno kinayo, na Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pia) na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, kwa hiyo majina yakae mbali na majibu. Wahudumu wa afya ya jamii wanafaa sana kukuongoza hadi mlangoni, lakini wasiwe ndio wanaouliza. Mhudumu huyo ni jirani, anaimba kwaya moja na mama mwenye nyumba. Kuna mambo mama huyo hatamwambia, na kiasi asichokisema mwaka huu si lazima kiwe kiasi asichokisema mwaka ujao.

Kusoma matokeo

Sawazisha kwanza kwa umri na jinsia, ukitumia mgawanyo uleule wa sensa katika awamu zote. Kisha usiishie kwenye asilimia ya jumla. Katika eneo la Maseno, utafiti wa kaya wa mwaka 2004 ulirudiwa mwaka 2013 kwa kipimo kilekile cha maradhi ya kawaida ya akili, na kiwango cha jumla kilitoka asilimia 10.8 hadi 10.3. Mtu angefunga faili na kwenda zake. Lakini ndani ya jumla hiyo iliyotulia, wanawake na wanaume walikuwa wameachana kwa kiasi ambacho hakikuonekana mwaka 2004, mzigo ukiwaelemea wanawake. Kila awamu basi tazama wanawake na wanaume, vijana na wazee, mji na kijiji, na utazame pia mtawanyiko mzima wa alama, kwa kuwa jamii inaweza kusogea kutoka alama 3 hadi 6 bila mtu mmoja kuvuka 10.

Awamu mbili hazitoshi kuitwa mwenendo. Subiri ya tatu, na ikiwezekana ya nne, kabla ya kusema "inazidi". Kila nambari iandikwe na mipaka yake miwili, hata katika bango la baraza la chifu. Watu waliozoea kusikia kwamba mavuno yatakuwa kati ya magunia kumi na kumi na tano hawashindwi kuelewa "kati ya 9 na 13 katika kila mia".

Siku moja utalazimika kubadili kipimo, kwa sababu mfadhili mpya anataka chake au wizara imetoa kingine. Usikatae, lakini katika awamu moja tumia vyote viwili: gawa sampuli kwa kura, nusu waulizwe cha zamani na nusu kipya, au baadhi waulizwe vyote. Tofauti utakayoiona kati ya nusu hizo, katika mwezi mmoja na watu wa aina moja, ndiyo daraja kati ya mfululizo wa zamani na mpya. Bila awamu hiyo, una vipande viwili visivyoungana na utaanza kuhesabu miaka upya.

Mwisho wa kila awamu, weka pamoja hojaji iliyochapishwa katika kila lugha, kitabu cha mafunzo ya wahoji, orodha ya maeneo yaliyochaguliwa, tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya waliokataa na wasiopatikana kwa kila eneo, maelekezo ya kompyuta yaliyotumika kusawazisha, na lile daftari la matukio. Nakala moja ikae katika idara ya afya ya kaunti na nyingine nje yake, kwa sababu maafisa huhamishwa, serikali za kaunti hubadilika kila miaka mitano, na atakayefanya awamu ya nne huenda hajawahi kukutana na aliyefanya ya kwanza.